Pumzi Nyuma ya Pazia la Manjano

Kabla sijaeleza lolote lililotokea, sina budi kueleza hali ilivyokuwa, kwa kuwa ninyi mnaokaa leo mbele ya maikrofoni zile mmeikuta studio ikiwa na kuta za sponji na kiyoyozi kisicholia. Mwaka 2008 studio ya Bwana Liang ilikuwa chumba kimoja juu ya bohari la vyombo vya jikoni huko Jacobs, mtaa wa viwanda wa Durban, na kuta zake zilifunikwa kwa trei za mayai na mablanketi ya kijivu. Upande mmoja palikuwa na kiwanda cha ndoo za plastiki. Upande wa pili, karakana ya kunyoosha mabodi ya magari. Mashine zilianza kunguruma saa moja asubuhi. Kwa hiyo tulirekodi tangu king'ora cha saa sita mchana kilipolia hadi kile cha saa saba, tukaongeza nusu saa ya chai ya alasiri na Jumamosi baada ya viwanda kufungwa. Jumapili haikuwezekana, maana nusu ya sauti zetu zilikuwa kanisani, na Jumatatu zilirudi zimekwaruzika.

Bwana Liang alikuwa mwagizaji wa masufuria. Aligundua kwamba tamthilia za kwao kuhusu majumba ya wafalme wa kale zingeweza kuuzwa katika diski kuanzia Lubumbashi hadi Mombasa, iwapo zingesema Kiswahili. Yeye mwenyewe hakujua Kiswahili hata neno la salamu, wala hakukusudia kujifunza. Jambo hili mlishike, kwa sababu ndilo lililozaa mengine yote: mwenye studio hakuweza kujua kilichosemwa ndani ya studio yake ila kwa kupitia mdomo wa mtu mwingine. Kwa miaka sita mdomo huo ulikuwa wangu.

Mimi ni mzaliwa wa Songea. Nilipelekwa China ujanani, nikasoma lugha yao na hasa maandishi ya kale ya mabaraza ya wafalme: hati za mashtaka, maombi ya msamaha, amri za kujiua zilizoandikwa kwa adabu kubwa kuliko barua zetu za harusi. Baadaye nilifanya kazi za tafsiri Dar es Salaam, kisha nikamfuata binti yangu Durban. Elimu yangu haikumfaa mtu yeyote katika mji huu mpaka Bwana Liang aliponikuta dukani nikisoma maelezo ya nyuma ya pakiti ya chai.

Wenzangu wengi walikuwa Wakongo. Mwaka ule wageni walikuwa wamepigwa mitaani katika miji kadhaa ya nchi hii, na kila mmoja wao alitafuta kazi ya kufanyiwa nyuma ya mlango unaofungwa. Walioingia chumbani mwetu walivutiwa kwanza na kitasa, kisha sanaa.

Siku yangu ya kwanza niliwasili na mswada wa kurasa sitini, uliopigwa chapa, usio na kosa. Kiti cha sauti ya kwanza alikikalia mama wa miaka hamsini hivi, mnene, mwenye kitambaa cha kichwa cha bluu. Huyo alikuwa Mama Nsimire, mtu wa Bukavu, aliyewahi kuigiza michezo ya redio huko kwao. Asubuhi aliuza sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu katika soko la Warwick Junction, kando ya wauza dawa za miti. Mchana alikuja kuwa malkia. Alisoma sentensi yangu ya kwanza kwa sauti, ikamshinda katikati, akaendelea hata macho yakamtoka, kisha akajiangusha kitini ulimi nje.

"Malkia amekufa kipindi cha kwanza," alisema akiwa amefumba macho. "Tufunge studio, twende nyumbani."

Wote walicheka isipokuwa mimi.

"Mwalimu, hii karatasi umeandika wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Iko mzuri sana. Mais ni ya kusoma. Miye nitapumua wapi?"

Mais ndiyo "lakini" yao, ya Kifaransa. Katika miaka thelathini ya tafsiri sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo. Alichukua penseli nyekundu mkobani mwake, akachora alama ndogo ya mkwaju baada ya kila maneno sita au saba, akasoma tena. Sentensi ilisimama. Tangu siku hiyo sikuwahi kuandika mswada bila mikwaju ile miekundu tuliyoiita alama za pumzi, na ninyi bado mnaitumia, ingawa nasikia mmoja wenu anadai niliibuni mimi. Aliibuni Mama Nsimire.

Kazi ya tafsiri ilikuwa na magumu yake. Wake wa mfalme wa China ni ngazi nyingi, nami nilikuwa na mke, suria na mjakazi tu wa kuwagawia vyeo. Tena wanawake hao waliitana dada. Niliogopa kwamba msikilizaji atadhani wanapendana.

"Usiogope," Mama Nsimire aliniambia. "Wake-wenza bakiitana dada, mtu yeyote wa kwetu anajua: sumu iko tayari kwenye chai."

Gumu jingine lilikuwa towashi. Neno ni la Kiswahili safi, lakini Deo hakulijua. Deo alikuwa mtu wa Uvira, fundi wa simu, aliyekaribia miaka thelathini alipojiunga nasi mwaka 2009. Nilimpa sehemu ya towashi mkuu katika kila tamthilia kwa sababu sauti yake ilipanda na kushuka kama maji ndani ya mtungi.

"Towashi ni nini, Mwalimu?"

Nilimweleza kwa lugha ya kitabu: mwanamume aliyehasiwa ili ahudumu katika nyumba ya wanawake wa mfalme.

"Banamukata?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

"Eish! Na bado anaamka asubuhi anaenda kazini?"

"Ndiyo maana anawachukia wote," alisema Mama Nsimire. "Sema na hiyo hasira, mwanangu. Polepole. Tabasamu kwanza, halafu sema."

Alimwita mwanangu, naye alimwita Mama, na si kwa desturi tu. Alimfundisha kushika tumbo, kugeuza uso asipige maikrofoni kwa herufi nzito kama p na b, kunywa maji ya uvuguvugu. Alimfundisha pia kumwigiza yeye. Hapa ni lazima nieleze desturi tuliyoiita kuazima sauti. Mtu akiwa na homa, au akiwa kwenye foleni ya kuongeza muda wa karatasi zake za ukimbizi, saa moja ya ukimya wa viwanda haikumngoja. Mwenzake alisema mistari yake michache kwa kumwiga, na mtazamaji hakugundua. Deo aliweza kuazima sauti ya mtu yeyote, mwanamume au mwanamke. Niliiandika desturi hiyo katika daftari la taratibu za studio kwa mkono wangu, nikaisifu kwamba inaokoa wakati.

Mtu wa tano wa kumtaja ni Themba, fundi wetu wa kurekodi, Mzulu wa Umlazi. Alikaa nyuma ya kioo akitazama mistari ya sauti ikipanda na kushuka kwenye skrini. Hakujua Kiswahili, nasi tulizungumza naye kwa Kiingereza. Akitosheka alisema "sharp", yaani safi, na kuinua kidole gumba. Asipotosheka alitikisa kichwa tu, na daima alikuwa sahihi.

Mwishoni mwa 2011 ilitufikia tamthilia ya vipindi hamsini, kubwa kuliko zote tulizowahi kufanya. Kisa chake kilikuwa hivi. Mfalme ana miaka tisa. Kwa desturi ya kale ya China, ambayo si uzushi wa watunzi, mfalme akiwa mtoto mama yake aliweza kutawala kwa niaba yake, lakini hakufaa kuonekana na mawaziri. Aliketi nyuma ya kiti cha enzi, nyuma ya pazia la manjano, na mawaziri walipiga magoti mbele ya sauti. Majeshi, ghala za nafaka na shingo za watu vyote vilining'inia kwenye koo la mtu asiyeonekana.

Katika kipindi cha thelathini na nane towashi mkuu anajua kwamba hila zake zimegunduliwa na Mama Mfalme. Anamfungia katika jumba la baridi, mahali wanapotupwa wanawake waliokwisha kuchokwa na mfalme, na nyuma ya pazia anamketisha mjakazi aliyemchana nywele bibi yake kwa miaka ishirini, anayejua kila mkunjo wa usemi wake. Asubuhi hiyo pazia linaamuru kwamba jemadari wa mpakani, kaka wa Mama Mfalme mwenyewe, apelekewe kikombe cha sumu. Karibu kabisa na pazia amepiga magoti katibu, aliyeyaandika maneno ya malkia kwa miaka mitano. Anachovya kalamu. Mkono unasimama. Kisha anaandika.

Nilipolitafsiri onyesho lile la kikatili nilitoka na hukumu, nikaitoa mbele ya wenzangu wakati wa chai. Nilisema katibu ni mwovu kuliko towashi, kwa sababu towashi alikuwa na chuki, lakini katibu alikuwa na sikio na hakulitumia.

"Ako na watoto?" Mama Nsimire aliuliza.

"Tamthilia haisemi."

"Basi ako nao. Mwalimu, wewe unamuhukumu mutu bure. Nyuma ya mlango iko askari na upanga. Ungefanya nini?"

"Ningesema: sauti hii si yake."

"Ungesema." Alicheka, akakohoa, akamalizia sentensi bila pumzi kama kawaida yake. "Ungesema na ile Kiswahili yako ya sentensi ndefu, kabla haujafika kwenye kitenzi banakukata kichwa."

Themba alitaka kujua tunacheka nini. Nilimfasiria, naye akasema mzaha huo unanistahili kabisa.

Kipindi hicho kilituletea tatizo la kazi lililo gumu kuliko yote niliyowahi kukutana nayo. Mama Nsimire alikuwa sauti ya Mama Mfalme. Mjakazi anayemwiga malkia alipaswa kufanana naye kiasi cha kuwadanganya mawaziri, lakini mtazamaji asikie kuwa si yeye. Tulijaribu kubana pua, kupandisha sauti, kuharakisha. Themba alitikisa kichwa kila mara. Jumamosi ya pili Mama Nsimire aliomba mikwaju ya pumzi iongezwe kwenye kurasa za mjakazi, ichorwe kila mahali inapostahili, bila kukosa hata mmoja.

"Malkia wa kweli anasahau kupumua," alieleza. "Anakasirika, anakimbiza neno, pumzi inamuishia. Huyu mwenye kumuiga hasahau. Amejifunza. Anapumua muzuri kupita mwenyewe."

Alirekodi mara moja. Sauti ilikuwa ileile, na ilikuwa ya mtu mwingine. Themba aliinua vidole gumba viwili. Nami niliandika katika daftari langu, kwa wino, na tarehe: *Mwigaji hujulikana kwa kutokosea.* Daftari hilo ninalo hapa mezani.

Ilipofika mwaka 2013 tulikuwa tumemaliza vipindi arobaini na vinne. Ndipo Bwana Liang alipoleta diski aliyoinunua Warwick Junction kutoka kwa mchuuzi. Ilikuwa na vipindi vyetu vya mwisho, ambavyo havikuwa vimetoka. Mtu wa ndani alikuwa akivitoa. Bwana Liang hakupaza sauti. Aliniomba niwafasirie wenzangu kwamba aliyefanya ajitokeze, na kwamba hatauliza mara mbili. Hakuna aliyejitokeza. Siku iliyofuata Mama Nsimire alinishika mkono ngazini.

"Mwalimu, iko neno ya kukuambia. Si leo. Nimemupa mutu mpaka Ijumaa aseme mwenyewe."

"Mtu gani?"

"Ijumaa," alisema. "Mutoto akikosa, unamuacha kwanza atembee mwenyewe mpaka kwa baba."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Sikulidadisi neno hilo. Nilikuwa na kipindi cha arobaini na tano mezani.

Alhamisi asubuhi Bwana Liang aliniita ofisini, akafunga mlango, akabonyeza mashine ya simu inayonasa ujumbe. Ujumbe ulikuwa umeachwa kutoka kwenye simu ya kulipia ya barabarani, kama wa mtu aliyetaka kumpigia mnunuzi wa diski akakosea namba.

"Allô. Ni Mama Nsimire, wa Jacobs. Vipindi bya mwisho niko nabyo. Mutu wako aje Warwick, upande wa dawa za miti, kabla ya Ijumaa. Asiulize mutu mwingine. Aniulize miye."

Bwana Liang alinitazama. "Sijui wanasema nini," alisema, "lakini nimesikia jina. Fasiri."

Nilifasiri.

"Ni sauti yake?"

Niliomba kusikia tena. Nilisikia mara tatu. Mtu anayejiita mwanazuoni hapaswi kujibu haraka, nami sikujibu haraka. Nilivaa hedifoni zangu za kazi, zilezile ambazo ndani yake nilimsikia kila mchana kwa miaka mitano. Kila kituo, kila mteremko wa sauti, ulikuwa ninaoujua kuliko sauti ya binti yangu.

"Ni yeye," nilisema.

Themba alikuwa ameingia kuchukua waya. Alisimama akasikiliza mwisho wa ujumbe.

"Huyo siye Mama," alisema.

"Wewe hujui Kiswahili," nilimjibu.

"Eish, Mwalimu, sihitaji kukijua. Mama huongea akicheka, akikohoa, akikimbia. Huyo anasoma gazeti."

Nilimwambia, kwa upole ambao sasa unanichoma, kwamba sauti na lugha ni mambo mawili yasiyotenganishwa na mtu asiyeyasomea. Aliinua mabega akatoka na waya wake. Bwana Liang, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye bei za masufuria, aliuliza fundi alisema nini. Nilijibu kwamba halikuwa jambo la maana.

Mama Nsimire aliitwa saa sita kasoro dakika chache, kabla ya king'ora. Alisikilizishwa ujumbe akiwa amesimama, mfuko wa sombe mkononi. Nilimwona akianza kushangaa, kisha akiacha kushangaa. Uso wake ulifika mahali fulani ambapo mimi sikuwa nimefika. Alitazama mlango, kule Deo alikokuwa akipasha koo moto, akauweka mfuko chini.

"Si miye," alisema hatimaye.

Nilifasiri.

"Kama si wewe, ni nani?" Bwana Liang aliuliza. Nilifasiri.

"Nilimupa mpaka Ijumaa. Leo ni Alhamisi. Siwezi kumutaja leo."

Nilifasiri neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, kama nilivyofundishwa. Nilijua kwamba katika Kichina sentensi hiyo ilisikika kama maskhara. Kujua hivyo hakukunifanya niongeze neno. Kisha akanigeukia mimi, si mwenye studio.

"Mwalimu. Miaka mitano unanisikia. Mwambie."

Bwana Liang alinitazama ili nifasiri. Nikafasiri: anasema kwamba mimi nimemsikia kwa miaka mitano. Bwana Liang alisema ndiyo maana aliniuliza mimi.

Aliondolewa saa ileile. Jambo lililokuwa zito kwake kuliko kupoteza kiti ni barua. Alipanga chumba Cato Manor pamoja na binti yake na wajukuu wawili, na mwenye nyumba yule alidai kwa wapangaji wageni barua ya mwajiri, asiitambue nyingine. Ya zamani ilikuwa imebakiza majuma mawili. Bwana Liang alikataa kuandika mpya. Na habari kwamba Mama Nsimire ni mwizi ilimtangulia kila mahali ambapo Kiswahili kilisemwa katika mji huu: saluni, kanisa, vibanda vya simu. Ijumaa ilifika. Hakuna aliyejitokeza kusema kitu. Bwana Liang alisema wizi umekoma, basi ndiyo ithibati. Na kwa kweli ulikoma.

Vipindi sita vilibaki, na Mama Mfalme alikuwamo katika vyote, ametoroka jumba la baridi, amerudi. Hapakuwa na mwanamke wa kuichukua sauti hiyo bila mtazamaji kushtuka. Deo alijitolea kuazima. Jumatatu king'ora kilipolia aliketi kwenye kiti cha kwanza, nami nikavaa hedifoni.

Alianza kusoma. Alipumua kwenye mkwaju wa kwanza. Alipumua kwenye wa pili. Alipumua kwenye kila mkwaju mwekundu niliouchora, hakuruka hata mmoja, na alipofika mwisho wa ukurasa nilikuwa nimeisikia tena sauti ya mashine ya simu. Mama Nsimire hakuwahi maishani mwake kusema maneno yale kwa mtindo ule isipokuwa kitini pale, akiwa malkia. Nje ya kiti alikimbia, alicheka, alikata neno katikati. Mimi kwa miaka mitano nilikuwa nimemsikiliza malkia kwa makini yote niliyokuwa nayo, na mwanamke nilimsikia pembeni tu, nikinywa chai. Nilipoulizwa sauti ni ya nani, nilimtambua malkia. Hila yenyewe nilikuwa nimeitafsiri kwa mkono wangu, na dawa yake nilikuwa nimeiandika kwa wino.

Baada ya king'ora cha saa saba nilimngoja Deo ngazini. Nilimwambia ninajua.

Hakukana. Alikaa kwenye ngazi akafungua chupa yake ya maji ya uvuguvugu.

"Aliniona Warwick na diski," alisema. "Akanipa mpaka Ijumaa. Kama mutoto wake. Miye niko na bibi na batoto, Mwalimu, na karatasi yangu iko karibu kuisha. Ningeenda wapi?"

"Alikufundisha kazi."

"Alinifundisha." Alikunywa. "Mais miye niliigiza tu. Kuigiza ni kazi yangu. Mwenye alisema *ni yeye* ni wewe."

Hapo ningepaswa kupanda ngazi. Ofisi ilikuwa hatua kumi na mbili juu yangu, na Bwana Liang alikuwamo. Badala yake nilikwenda nyumbani kuandaa ushahidi. Nilitaka safari hii nisikosee. Nilimwomba Themba anitolee rekodi za kale za Mama Nsimire, za kazini na zile chache alizonaswa akipiga soga kabla ya kuanza. Nilipima vituo vyake vya pumzi kimoja kimoja. Nilivipanga sambamba na ujumbe wa simu na kurasa za Deo. Themba aliniuliza mara mbili kwa nini siendi kusema tu. Nilimjibu kwamba neno langu la kwanza lilikuwa neno tupu, la pili lazima liwe na uthibitisho. Hati ilikuwa kurasa nane, kwa Kichina, katika mtindo wa maombi ya kale yanayowasilishwa barazani: kukiri kosa kwanza, kisha ushahidi, kisha ombi. Ni maandishi bora kuliko yote niliyowahi kuyaandika katika lugha ile. Yalinichukua majuma matatu na siku mbili.

Bwana Liang aliyasoma yote, akiwa na kikombe chake cha chai chenye mfuniko. Alipomaliza aliziweka kurasa sawasawa, ukingo kwa ukingo.

"Vimebaki vipindi vingapi?"

"Kimoja."

"Anaisema sauti ya malkia vizuri, huyu Deo?"

"Vizuri sana."

"Nilimfukuza mtu mbele ya wote," alisema, "kwa sikio lako, kwa sababu mimi sina. Leo unataka niwaambie wote kwamba sikio langu limekosea. Kesho nitawaambia nini, na watakiamini kwa nini?" Alinirudishia hati kwa mikono miwili, kwa heshima. "Kaa nayo. Imeandikwa vizuri."

Siku hiyohiyo nilipanda taksi hadi Warwick. Kando ya wauza dawa za miti, mahali pa Mama Nsimire palikuwa na mtu mwingine, akiuza mikanda. Bibi mmoja wa Kizulu, muuza mizizi, aliyekuwa jirani yake, alinitazama viatu kwanza, kisha uso.

"Wewe ndiye mwalimu?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Ndimi."

"Alikungoja. Alisema, mwalimu ni mtu wa polepole lakini atakuja." Alipanga mizizi yake. "Mwenye nyumba amewatoa. Walilala kanisani siku tano. Jumamosi wamepanda basi la kaskazini, yeye na binti na wale wadogo. Amesema anarudi kwao."

Nilimuuliza kama aliacha namba ya simu. Aliniambia aliiuza simu.

Yanayobaki ni machache. Kipindi cha hamsini kilirekodiwa, na katika mwisho wake Mama Mfalme anarudi nyuma ya pazia, katibu anakatwa kichwa, na towashi anakimbia. Kuandika orodha ya wenye sauti ilikuwa kazi yangu. Niliandika: Mama Mfalme, kipindi cha kwanza hadi cha arobaini na nne, Nsimire, cha arobaini na tano hadi cha hamsini, Deo. Bwana Liang aliomba nimfasirie mstari huo, kisha akalifuta jina la Nsimire kwa kalamu yake. Diski zilitoka na jina la Deo peke yake. Nilifanya kazi mwaka mmoja zaidi, nikastaafu mwishoni mwa 2014. Deo angalipo, naye ndiye anayewafundisha ninyi mahali pa kupumua. Mama Nsimire hakurudi Durban.